Namna ya kusoma hukumu za ndoa za jinsia moja nchini Marekani

Kazi yangu ni kuandika habari za mahakama, na katika yote ninayoandika hakuna jambo linaloniletea maswali mengi kama ndoa za jinsia moja nchini Marekani. Ni majaji waliowatangulia wananchi, au wananchi ndio waliowavuta majaji? Na haki iliyotolewa mwaka 2015 yaweza kufutwa kesho? Anayeuliza mara nyingi amesoma kichwa cha habari tu, nacho hakina nafasi ya kumjibu. Nyuma ya kila kesi yupo mtu aliyetaka jina lake liandikwe mahali fulani, kwenye cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto au cheti cha kifo cha mwenziwe, akakataliwa. Mtu huyo anastahili tusome kesi yake vizuri.

Utahitaji nakala ya hukumu yenyewe, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani huiweka bure kwenye tovuti yake, pamoja na kalamu na karatasi uliyoigawa safu mbili. Kushoto andika yaliyoamuliwa mahakamani na tarehe zake. Kulia andika yaliyosemwa na umma: kura zilizopigwa na tafiti za maoni. Safu hizi usizichanganye, maana upotoshaji mwingi wa suala hili huanzia hapo.

Tafuta swali kabla ya mshindi

Usikimbilie kujua nani kashinda. Jiulize kwanza mahakama iliulizwa nini. Katika Obergefell dhidi ya Hodges, hukumu ya tarehe 26 Juni 2015, maswali yalikuwa mawili na yameandikwa waziwazi. Je, Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayoyataka majimbo yampe kila mtu ulinzi sawa wa sheria, yanalilazimu jimbo kuwapa watu wawili wa jinsia moja leseni ya ndoa? Na je, yanalilazimu kuitambua ndoa ya namna hiyo iliyofungwa kihalali katika jimbo jingine?

Swali la pili ndilo lililomfikisha James Obergefell mahakamani. Yeye na John Arthur waliishi Ohio, jimbo lililokataa ndoa yao. Arthur alikuwa akifa kwa ugonjwa wa neva, hawezi tena kuinuka kitandani, kwa hiyo mwaka 2013 walisafiri kwa ndege ya kubebea wagonjwa hadi Maryland, wakafungishwa ndoa humo humo ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani. Baada ya miezi mitatu Arthur akafariki. Alichodai Obergefell ni kuandikwa kwenye cheti cha kifo kuwa mume aliyeachwa. Basi. Kila ninapoisoma hukumu hii huanza na cheti hicho, kwa sababu kinanikumbusha kwamba hoja zote zile za kikatiba ziliitwa zije kujibu jambo la mtu mmoja.

Sasa ilinganishe na hukumu ya miaka miwili kabla, Marekani dhidi ya Windsor. Edith Windsor na Thea Spyer walifunga ndoa Kanada mwaka 2007. Spyer alipofariki mwaka 2009, serikali ya shirikisho ilimtoza Windsor kodi ya mirathi ya dola 363,053, kwa kuwa sheria ya mwaka 1996 ijulikanayo kwa kifupi kama DOMA, iliyosema katika kifungu chake cha 3 kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu, haikumtambua kuwa mjane. Swali lilikuwa moja: kifungu hicho kinavunja Katiba? Majaji 5 kwa 4 wakasema ndiyo. Hawakusema kwamba kila jimbo lifungishe ndoa hizo. Aliyetangaza siku ile kuwa zimeruhusiwa nchi nzima aliwahi kwa miaka miwili kamili.

Siku hiyohiyo, 26 Juni 2013, ilitoka hukumu nyingine, Hollingsworth dhidi ya Perry, inayofaa sana kufanyia mazoezi. Ilihusu Pendekezo la 8, ambalo wapiga kura wa California walilipitisha mwaka 2008 kuzuia ndoa za jinsia moja. Mahakama haikugusa kiini cha kesi. Ilisema tu kwamba waliokata rufaa kulitetea pendekezo hilo hawakuwa na haki ya kisheria ya kufanya hivyo. Matokeo yake hukumu ya mahakama ya chini, iliyokuwa imelifuta pendekezo hilo, ikabaki na ndoa zikarejea California. Ushindi ulipatikana, swali likabaki halijajibiwa. Ukikutana na hali kama hiyo, andika yote mawili kwenye safu yako ya kushoto.

Jua ni mahakama ipi na katiba ya nani

Hapa ndipo nawaomba wasomaji watulie, maana Marekani haina katiba moja tu. Kila jimbo lina yake, na mahakama ya jimbo ndiyo yenye neno la mwisho juu ya katiba ya jimbo hilo. Mwaka 1993 mahakama ya juu ya Hawaii ilisema kuwanyima watu wa jinsia moja leseni ya ndoa ni ubaguzi wa kijinsia ambao jimbo lazima liutolee sababu nzito. Bunge la Marekani lilishtuka, na DOMA ikazaliwa mwaka 1996. Wananchi wa Hawaii nao wakabadili katiba yao mwaka 1998 na kulipa bunge lao mamlaka ya kuzuia ndoa hizo. Mahakama ilikuwa imefungua mlango, wapiga kura wakaufunga.

Massachusetts mambo yalikwenda vingine. Tarehe 18 Novemba 2003, kwa kura 4 kwa 3, mahakama ya juu ya jimbo iliamua katika kesi ya Goodridge kwamba katiba ya jimbo hairuhusu kuwanyima ndoa, na harusi za kwanza zikafungwa tarehe 17 Mei 2004. Hakuna mahakama ya shirikisho ambayo ingeweza kuitengua kwa kusema majaji wale wameisoma vibaya katiba yao. Njia pekee ilikuwa kuibadili katiba hiyo, na jaribio la kufanya hivyo lilianguka bungeni mwaka 2007. Kwingineko hasira iliingia kwenye sanduku la kura: mwaka 2004 peke yake majimbo 13 yalibadili katiba zao kuzuia ndoa hizo.

Iowa inatufundisha kitu cha tatu. Mwaka 2009 majaji wote 7 wa mahakama ya juu ya jimbo waliziruhusu bila hata mmoja kupinga. Mwaka uliofuata, majaji 3 kati yao walikuwa kwenye karatasi ya kura ili wananchi waamue kama wabaki, na wote 3 wakaondolewa. Lakini hukumu yao ilibaki vilevile, na ndoa ziliendelea kufungwa. Naona watu wakilitumia tukio hili kuonyesha kwamba mahakama ilishindwa. Sivyo. Majaji walipoteza kazi zao, familia zilizolindwa na hukumu hazikupoteza chochote, na kwangu hiyo ni heshima kubwa kwa majaji wale.

Soma majaji waliopinga

Ukimaliza hukumu ya walio wengi, usifunge. Nenda kwa walioshindwa. Katika Obergefell, hukumu kuu iliandikwa na Jaji Anthony Kennedy, akiungwa mkono na Ginsburg, Breyer, Sotomayor na Kagan. Waliopinga, Jaji Mkuu Roberts pamoja na Scalia, Thomas na Alito, kila mmoja aliandika yake. Roberts hakuwatukana waliokuwa wakisherehekea. Aliwaambia wafurahie walichokipata, ila wasiisherehekee Katiba, kwa sababu kwa maoni yake haikuhusika. Hoja yake ni kwamba watu walikuwa tayari wanabadilika kwa kujadiliana na kupiga kura, na majaji wakawanyang'anya mjadala huo. Kennedy alikuwa ameshamjibu kwa maneno ya hukumu ya mwaka 1943: haki za msingi haziwekwi kwenye kura. Aliyenyimwa haki leo haambiwi asubiri mpaka majirani zake wamkubali.

Mimi naona Kennedy yuko sahihi. Arthur hakuwa na muda wa kusubiri. Lakini nakuomba umsome Roberts kwa makini, kwa sababu pambano la hukumu na maoni ya umma limo humo ndani, limeandikwa na wenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kusoma wapinzani: wakati mwingine hutabiri. Katika Windsor, Scalia alionya kwa hasira kwamba hoja za hukumu ile zitatumika kuangusha marufuku za majimbo. Kabla mwaka haujaisha, jaji wa shirikisho huko Utah aliangusha marufuku ya jimbo lake na akamnukuu Scalia mwenyewe.

Na usidharau uamuzi mfupi. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu iliitupa kesi ya wanaume wawili wa Minnesota, Baker dhidi ya Nelson, kwa sentensi moja tu: hakuna swali zito la kishirikisho. Sentensi hiyo ilisimama miaka zaidi ya 40. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 6, moja ya mahakama za rufaa za shirikisho, iliitumia kuhalalisha marufuku za majimbo manne, Ohio, Michigan, Kentucky na Tennessee. Obergefell ndiyo iliyoizika, kwa kuitaja kwa jina.

Safu ya kulia: watu walisema nini hasa

Kwenye tafiti za maoni, jambo la kwanza ni maneno ya swali. Shirika la Gallup huuliza kama ndoa za watu wa jinsia moja zitambuliwe kisheria zikiwa na haki sawa na ndoa nyingine. Mwaka 1996 waliokubali walikuwa asilimia 27. Mwaka 2011 walivuka nusu kwa mara ya kwanza, asilimia 53. Mwezi mmoja kabla ya Obergefell walikuwa 60, na mwaka 2021 wakafika 70.

Lakini badili swali uone. Katika uchaguzi wa mwaka 2004, wapiga kura waliohojiwa wakitoka vituoni walipewa majibu matatu: waruhusiwe kuoana, wapewe muungano wa kiraia usioitwa ndoa, au wasitambuliwe kabisa. Asilimia 25 walichagua ndoa, 35 muungano wa kiraia, 37 wasitambuliwe. Je, wengi walipinga? Ukijumlisha upande mmoja, waliotaka utambuzi wa aina fulani walikuwa 60. Ukijumlisha upande wa pili, waliokataa ndoa walikuwa 72. Watu ni walewale, siku ni ileile. Kwa hiyo hujaona swali, usiinakili asilimia.

Halafu linganisha shirika na shirika lilelile, swali na swali lilelile, mwaka hadi mwaka. Ongezeko kutoka 27 hadi 60 lilichukua miaka 19. Muda huo ni mfupi mno kuelezwa na wazee kufa na vijana kukua peke yake; lazima mamilioni ya watu wazima walibadili mawazo yao. Baadhi yao walibadilika baada ya kumjua mtu anayependa wa jinsia yake, mtoto wao au mfanyakazi mwenzao. Nikisikia mtu akidai kwamba mila na imani hazibadiliki, humrudisha kwenye hesabu hiyo.

Tena fungua jumla uone kilichomo ndani. Gallup ya mwaka 2025 ilipata asilimia 68, inayoonekana kama mambo yametulia. Kumbe ndani yake wafuasi wa chama cha Democrat walikuwa 88 na wa Republican 41, ilhali hao Republican walikuwa wamefika 55 mwaka 2021. Jumla inaweza kusimama huku nchi ikipasuka katikati.

Sasa weka safu zako bega kwa bega. Hukumu ya Obergefell ilitoka wengi wakiwa wameshakubali. Tena mwaka 2012 wapiga kura wa Maine, Maryland na Washington walikuwa wameziruhusu wenyewe. Lakini mwaka 1967, Mahakama hiyohiyo ilipofuta katika Loving dhidi ya Virginia marufuku ya ndoa za weupe na weusi, majaji wote 9 wakiwa na kauli moja, hali haikuwa hivyo. Mwaka mmoja baada ya hukumu hiyo, Gallup ilipata asilimia 20 tu ya Wamarekani wanaoziafiki. Kwa hiyo anayesema mahakama daima hufuata umma, mwonyeshe Loving. Anayesema daima huutangulia, mwonyeshe mwaka 2015.

Hukumu ikishatoka, fuatilia maandishi

Tarehe 24 Juni 2022, katika kesi ya Dobbs, Mahakama ya Juu ilifuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba. Hukumu kuu ilisema isichukuliwe kutia shaka maamuzi yasiyohusu utoaji mimba. Jaji Thomas, kwa maoni yake ya nyongeza aliyoyaandika peke yake, alitaka Obergefell nayo iangaliwe upya. Maoni ya jaji mmoja hayafungi mtu yeyote, ila yanaonyesha mlango anaotamani ubishwe hodi. Ulibishwa: Kim Davis, aliyekuwa karani wa kaunti huko Kentucky na kukataa kutoa leseni mwaka 2015, aliomba hukumu hiyo itenguliwe. Tarehe 10 Novemba 2025 Mahakama ilikataa kulisikiliza ombi lake bila kutoa sababu. Kukataa kusikiliza si kuthibitisha. Andika "haikusikilizwa", usiandike "ilishinda".

Bunge nalo lilijenga ukuta wake. Sheria ya Kuheshimu Ndoa, iliyosainiwa tarehe 13 Desemba 2022 baada ya Seneti kuipitisha kwa kura 61 kwa 36, iliifuta DOMA na inayataka majimbo yatambue ndoa halali za majimbo mengine. Isome polepole: hailazimishi jimbo lolote kutoa leseni. Obergefell ikianguka, wawili wa jimbo lenye marufuku watalazimika kusafiri kama walivyosafiri Obergefell na Arthur, ingawa wakirudi ndoa yao itatambuliwa.

Ndiyo maana kazi ya mwisho ni kufungua katiba za majimbo, moja baada ya nyingine. Hukumu huzima marufuku bila kuyafuta maneno yake. Alabama iliondoa maneno yake dhidi ya ndoa za weupe na weusi mwaka 2000, miaka 33 baada ya Loving. Wapiga kura wa Nevada waliyaondoa yao ya ndoa za jinsia moja mwaka 2020, na wa California, Colorado na Hawaii waliyaondoa mwaka 2024. Mengi ya majimbo yaliyoandika marufuku mwaka 2004 bado hayajagusa chochote. Anza na hayo.