Kutengeneza Pedali ya Kubadili Kiwango cha Sauti ya Gitaa la Umeme

Mpiga gitaa anayesindikiza mwimbaji na papo hapo akatakiwa kupiga solo anahitaji viwango viwili vya sauti ambavyo mguu unaweza kuvibadili bila mkono kuacha nyuzi. Pedali ninayoieleza hapa haina saketi ya kukuza mawimbi: kazi yake ni kupunguza tu. Kwa hiyo amplifaya hupangwa kwanza kwa sauti ya solo, kisha pedali ndiyo inayoishusha wakati wa kusindikiza. Anayetarajia kuongeza sauti juu ya ile ya gitaa lenyewe atahitaji kifaa cha aina nyingine.

Andaa boksi la alumini, swichi ya kukanyaga yenye miguu 9 (pini za kulehemia waya), jeki mbili (matundu ya kuchomekea plagi) za milimita 6.35 (ya kuingizia iwe ya stereo, ya kutolea iwe ya mono), potenshiomita (rezista inayobadilishwa kwa kuzungusha nobu) ya kiloomu 500, taa ya LED, rezista ya kiloomu 4.7, betri ya volti 9 pamoja na kishikizo chake, na waya mwembamba. Kuhusu potenshiomita, nasisitiza ununue ya mstari sawa (inayobadilika kwa kiasi kile kile katika mzunguko wote) na si ya logi (inayobadilika kwa kasi isiyo sawa), ingawa ya logi ndiyo inayozoeleka kwenye vidhibiti vya sauti. Ya mstari sawa ikiwa katikati hutoa nusu ya volti, yaani punguzo la desibeli 6, na eneo hilo ndilo unalolihitaji kwa kusindikiza. Ya logi ikiwa katikati huwa imekwisha kushusha sauti mno, hivyo marekebisho yote yenye manufaa hubanana mwishoni mwa mzunguko.

Hatua ya kwanza ni kutoboa boksi. Weka alama kwa msumari kabla ya kutumia drili ili keekee isiteleze, anza na tundu dogo, kisha lipanue: milimita 12 kwa swichi, 10 kwa kila jeki, 7 kwa potenshiomita ndogo na 5 kwa taa. Kingo zisuguliwe kwa tupa.

Hatua ya pili ni kuzielewa safu za swichi, na hapa usiharakishe. Miguu yake imepangwa katika safu tatu za wima, na mguu wa kati wa kila safu hugusana ama na wa juu ama na wa chini. Thibitisha mpangilio huo kwa malitimita (kipimo cha umeme) kabla ya kulehemu chochote, kwa sababu swichi iliyogeuzwa kwa robo mzunguko huweza kuonekana sawa kwa macho ilhali safu zake zimelala.

Hatua ya tatu ni kuunganisha njia ya sauti. Ncha ya jeki ya kuingizia (kiungo kinachogusa ncha ya plagi) iende mguu wa kati wa safu ya kwanza, na ncha ya jeki ya kutolea iende mguu wa kati wa safu ya pili. Miguu ya juu ya safu hizo mbili iunganishwe kwa kipande cha waya: hiyo ndiyo njia ya moja kwa moja. Mguu wa chini wa safu ya kwanza uende mguu wa 3 wa potenshiomita, na wa chini wa safu ya pili uende mguu wa 2, ulio katikati. Mguu wa 1 uunganishwe na ethi (njia ya pamoja ya kurudishia umeme), pamoja na mabati ya nje ya jeki zote mbili. Ukiitazama potenshiomita upande wa nobu, miguu ikielekea chini, mguu wa 1 uko kushoto. Kumbuka kwamba ndani ya boksi unaiona kwa nyuma, kwa hiyo uko kulia.

Taa hutumia safu ya tatu. Mguu wa kati uende ethi, wa chini uende mguu mfupi wa LED, na mguu mrefu upitie rezista hadi chanya ya betri. Hasi ya betri ilehemiwe kwenye pete ya jeki ya stereo (kiungo chake cha kati), ili betri ifanye kazi pale tu plagi inapochomekwa. Betri ikiisha, sauti itaendelea kupita kama kawaida.

Kabla ya kufunga boksi, pima kwa malitimita bila kuchomeka gitaa. Katika njia ya moja kwa moja, ncha hadi ncha isome karibu na sifuri, na ncha hadi ethi isisome kitu. Ukibonyeza swichi, ncha ya kuingizia hadi ethi isome takriban kiloomu 500.

Linabaki suala la ung'avu wa sauti. Nobu ikiwa katikati, potenshiomita huongeza ukinzani wa hadi kiloomu 125 mbele ya kebo ya kutolea, na kebo yenye pikofaradi 500 itaanza kumeza masafa ya juu kuanzia karibu hezi 2,500. Lehemu kapasita ya pikofaradi 680 kati ya mguu wa 3 na wa 2, ikiwa sambamba na rezista ya kiloomu 150 inayozuia sauti isiwe nyembamba kupita kiasi. Nobu itabidi izungushwe zaidi ili kupata punguzo lile lile. Ikiwa pedali itakaa baada ya pedali nyingine inayotumia umeme na iliyowashwa, potenshiomita ya kiloomu 25 inatosha na kapasita haihitajiki.

Mahali pa kuiweka hubadili kazi yake. Ikitangulia pedali ya distosheni (inayoipa sauti mkwaruzo), itapunguza mkwaruzo zaidi kuliko sauti. Ikiifuata, mkwaruzo utabaki ule ule na sauti pekee ndiyo itakayoshuka.