Laptopu yako ni kizazi cha ngapi? Kuchagua mfumo mpya kwa mashine ya zamani

Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 bure, maneno ninayoyasikia zaidi kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mwanjelwa, Mbeya, ni haya: "Fundi, niwekee Windows 11." Mtu anayasema hata mashine hajaitoa kwenye begi. Nami humjibu kwa maswali mawili: unaifanyia kazi gani, na ni kizazi cha ngapi? La kwanza wanalijibu. La pili wanadhani nauliza wameinunua lini.

Laptopu nyingi zinazopita mikononi mwangu ni mitumba ya maofisini: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Ni mashine ngumu, zinadunda. Lakini ugumu wa bodi hauhusiani na mfumo itakaoukubali, kwa hiyo tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Soma namba ya prosesa

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Tafuta mstari wa prosesa, yaani ubongo wa mashine. Ukiona i5-4300U, ile 4 inayofuata kistari ndiyo kizazi: cha nne. i5-8250U ni cha nane. Namba zikiwa tano, kama i5-10210U, unasoma mbili za mwanzo: cha kumi.

Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana zilizopenyezwa. Kwa AMD, kwa ujumla ni Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea. Inataka pia chipu ya usalama TPM 2.0, mfumo wa kuwashia wa UEFI wenye Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4 na diski GB 64. Hiyo GB 4 ni ya kwenye karatasi. Mimi siweki Windows 11 kwenye mashine yenye chini ya GB 8, maana mwenyewe atarudi baada ya wiki akisema nimemharibia.

Ukiwa dukani, kwa EliteBook 840 kumbuka hivi: kwa kawaida G1 ni kizazi cha nne, G2 cha tano, G3 cha sita, G4 cha saba, G5 cha nane. Nasema kwa kawaida kwa sababu zipo G5 zilizotoka na prosesa za kizazi cha saba, na muuzaji hatakwambia. Iwashe, usome mwenyewe.

Kuna mtego mmoja. Mashine ni ya kizazi cha nane, kila kitu kipo, lakini Windows inasema haikidhi vigezo. Mara nyingi fundi wa kwanza aliifunga Windows 10 kwa mtindo wa zamani, Legacy, badala ya UEFI. Angalia kwenye msinfo32 hiyohiyo, mstari wa BIOS (programu ya kuwashia mashine). Ikiwa ni Legacy, huhitaji kufuta kitu. Hifadhi mafaili yako kwanza, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS, na ikikubali andika mbr2gpt /convert /allowFullOS. Kisha ingia kwenye mipangilio ya BIOS ubadilishe kwenda UEFI. TPM nayo huwa imezimwa tu humohumo BIOS. Kwenye mashine za Intel wakati mwingine imeandikwa PTT. Ukishaiwasha, andika tpm.msc kuhakikisha kwamba ni 2.0.

Hatua ya 2: Vumbi na diski kwanza

Mwaka jana nililetewa laptopu kutoka mashine ya kukoboa mpunga, Ubaruku. Mwenyewe alitaka Windows mpya kwa sababu "hii imechoka." Nilipofungua kifuniko cha chini nikakuta feni imejaa pumba. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hakuna Windows wala Linux (mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows) itakayotibu pumba. Nilisafisha, nikaweka pesti mpya ya kupitishia joto, akaondoka na Windows ileile.

Ukishamaliza feni, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uangalie diski. Ikiwa inasoma asilimia 100 muda wote huku hufanyi chochote, na ni diski ya kuzunguka, hapo ndipo penye ugonjwa. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha afya yake. Rangi ya njano au nyekundu maana yake uokoe mafaili leo, usingoje kesho. Kubadili diski ya kuzunguka kwa SSD, ile isiyozunguka, kunasaidia mashine ya zamani kuliko mfumo wowote utakaouchagua. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua SSD. Ukiwa na ya vitu viwili, ongeza RAM, ila chunguza aina: mashine nyingi za kizazi cha nne na cha tano zinatumia DDR3L, na DDR4 haiingii hata uisukume.

Hatua ya 3: Kazi yako inaishi wapi?

Hapa ndipo watu wanapokosea. Wanachagua mfumo kama wanavyochagua kitenge, kwa macho.

Mwalimu mmoja wa Tukuyu alikuja na ThinkPad T450, kizazi cha tano. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa.

"Mwanangu, nataka kumi na moja kama ya mwalimu mkuu."

"Mwalimu, unaitumia kufanya nini?"

"Naandaa mitihani, najaza kumbukumbu za wanafunzi kwenye PReM, na ule mfumo wa utendaji kazi, PEPMIS. Basi."

PReM na PEPMIS zinafunguka ndani ya kivinjari. Mitihani ni nyaraka. Kazi yote ya mwalimu ilikuwa inaishi kwenye kivinjari na kwenye kuandika, na hayo Linux inayafanya bila kutoka jasho. Angekuwa mchoraji wa ramani anayetumia AutoCAD, ningemjibu vingine, kwa sababu AutoCAD haina toleo la Linux. Vivyo hivyo kwa mhasibu mwenye programu ya mahesabu iliyofungwa kwenye mashine yenyewe, au mtu mwenye mafaili ya Excel yaliyojaa makro.

Chukua karatasi, andika kila unachofungua kwa wiki nzima. Pembeni andika K kwa kivinjari, P kwa programu. Usimwandikie fundi unachodhani utakuja kufanya mwakani.

Hatua ya 4: Amua

Kizazi cha nane kwenda juu, RAM GB 8 na SSD: nenda Windows 11 kupitia mipangilio ya masasisho, bure, leseni yako ya Windows 10 inahamia. Sina la kuongeza.

Kizazi cha tatu hadi cha saba na karatasi yako imejaa K: Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, toleo jepesi la Xfce. Mfululizo wa 22 unapata huduma hadi 2029. Inaenda na RAM GB 4, na sura yake haimtishi aliyezoea Windows. Kitufe cha menyu kiko kulekule kona ya chini kushoto.

Kizazi hichohicho lakini P ni nyingi: baki Windows 10 na ujiandikishe kwenye masasisho ya ziada ya usalama, ambayo kwa mtumiaji wa kawaida yalipangwa kuishia Oktoba 13, 2026. Mlango uko kwenye mipangilio ya masasisho, ila uwe na toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Huko ni kununua muda tu. Anza kudunduliza.

Kuna njia ya mkato: programu ya Rufus inaweza kutengeneza flashi ya Windows 11 isiyouliza TPM wala kizazi. Inafanya kazi. Lakini Microsoft haikuahidi kuziletea masasisho mashine za namna hiyo, na wengine wanaitumia njia hii bila kumwambia mteja. Mimi naifanya kwa anayeelewa tu. Kwa prosesa za zamani za Core 2 Duo usijisumbue kabisa, Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiwaki kwenye prosesa zile.

ChromeOS Flex, mfumo wa Google? Ni nyepesi kweli, lakini inataka intaneti karibu muda wote. Kwa mtu anayeishi kwa bando, hapana.

Hatua ya 5: Hamisha mafaili, na D usiiamini

Nililipa somo hili. Kijana wa chuo aliniambia, "Fundi futa tu, vyangu viko D." Nikafuta diski nzima. C na D zilikuwa vyumba viwili vya diski moja, na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ikaenda na maji. Nilirudisha sehemu tu, na aibu nzima ikabaki kwangu. Tangu siku ile, kama mafaili hayako kwenye kifaa kingine ninachoweza kukishika mkononi, kwangu hayajahifadhiwa.

Chukua pia alama za kivinjari, nywila, na ufunguo wa BitLocker kama diski imefungwa kwa usimbaji.

Hatua ya 6: Flashi

Flashi ya GB 8 inatosha. Faili la Linux Mint ni karibu GB 3, la Windows 11 linazidi GB 5, kwa hiyo pakua kwa bando la usiku, na kutoka tovuti ya wenyewe. Likishashuka, kwenye dirisha la amri andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe namba ndefu inayotoka na ile ya kwenye tovuti. Bando likikatika katikati, faili linaweza kuonekana zima kumbe limeoza. Andika flashi kwa Rufus.

Hatua ya 7: Jaribu kabla hujafunga

Washa kwa flashi: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Linux Mint itawaka bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, vitufe vya mwanga, kisha chomeka printa unayoitumia kweli. Wi-Fi ikigoma, mara nyingi ni chipu ya Broadcom inayotaka draiva. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti, na draiva itashuka kupitia simu.

Hatua ya 8: Funga

Chaji betri ijae hata kama unatumia umeme. Msimu wa mvua za radi hapa kwetu usianze kazi hii kwenye mashine isiyokaa na chaji. Kwa mwalimu nilitoa diski ya zamani, nikaweka SSD, nikafunga Linux Mint kwenye hiyo SSD kwa kuchagua kufuta diski nzima. Ilichukua muda wa kunywa chai na maandazi mawili.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza

Kwenye Linux Mint, washa programu ya Timeshift ili mfumo ujipige picha. Ukiharibu kitu unarudi nyuma. Kisha fonti. Mtihani ulioandikwa kwa Times New Roman utaonyeshwa kwa Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo kurasa hazisogei. Carlito inafanya hivyo kwa Calibri. LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, iweke ihifadhi kwa docx, la sivyo steshenari watakurudisha na flashi yako.

Diski ya zamani usiifomati. Iandike jina, itie kwenye bahasha, iweke kabatini mwezi mzima. Mwalimu wangu alinipigia wiki ya tatu: picha za harusi ya bintiye zilikuwa kwenye folda ya vipakuliwa, ambayo hakuna aliyekumbuka kuinakili.