Kupiga CT fuvu la kale mpaka upate sura

CT ni mashine ya eksirei inayopiga picha kipande kwa kipande, na kwa picha hizo unaweza kuijenga upya sura ya mwenye fuvu. Anza na kibali. Mifupa ya kale iko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo fuvu likiletwa kwenye mfuko wa rambo bila karatasi, lirudi lilikotoka, hata aliyelibeba akiwa profesa.

Hapa hospitalini Upanga, Dar es Salaam, mafuvu tunayapiga usiku, foleni ya wagonjwa ikishakwisha. Kata kipande cha godoro, ukichimbe kidogo katikati, fuvu likae humo lisiyumbe. Sponji haisumbui kwenye picha. Zipu ya mto inasumbua. Toa waya, pini na vibandiko vya chuma, maana chuma hurusha miali inayofunika meno. Taya la chini lipige peke yake, utaliunga kwenye kompyuta.

Mionzi usiibanie, huyu haumii tena. Panga vipande vya picha vya milimita 0.6 vinavyopandana nusu kwa nusu, na mashine uiweke kwenye uchakataji wa mfupa, si wa nyama laini. Wengi huharibu kwenye uwanja wa picha, yaani upana wa eneo linalopigwa: wanauacha sentimita 50 kama wanapiga kifua. Mashine inaugawa uwanja huo kwa nukta 512. Ukiweka sentimita 25, nukta moja ni karibu nusu milimita; ukiweka 50, ni karibu milimita nzima, na kale kamwiba ka mfupa chini ya tundu la pua kanayeyuka. Bila hako, pua utaibuni.

Faili za DICOM, yaani picha zinazotoka kwenye mashine, zifungue kwenye programu ya 3D Slicer, ni bure. Fuvu kavu tupu linajitenga na hewa kirahisi. Lililojaa udongo mgumu ni balaa: udongo unang'aa kama mfupa, itabidi ufute kipande kwa kipande kwa mkono. Tenga jioni nzima na chai ya kutosha.

Toa faili ya STL, yaani umbo la fuvu la pande tatu, kisha ulichapishe kwa printa ya 3D au ulifanyie kazi ndani ya Blender, programu ya kuchonga maumbo kwenye kompyuta. Bandika vijiti vya kina cha nyama, vinavyoonyesha unene wa nyama juu ya mfupa, weka mboni za milimita 25 hivi, jenga misuli, ngozi mwisho. Jedwali la vina, linalotaja unene huo kila sehemu ya uso, ndilo linaloamua sura. La Rhine na Campbell la 1980 lilipimwa kwa Wamarekani Weusi, si kwa Wagogo wala Wazaramo. Ukiamua kutengeneza jedwali lako kwa kupima CT za wagonjwa wetu, kwa idhini ya kamati ya maadili, kumbuka wamelala chali: mashavu yameshaangukia masikioni.

Zinjanthropus, zamadamu ambaye si binadamu kama sisi, aliyepatikana na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, usimwekee jedwali lolote la binadamu. Isitoshe, hakuja na taya la chini. Huazimwa taya la zamadamu wa aina yake lililopatikana Peninj, karibu na Ziwa Natron, mwaka 1964.

Rangi ya ngozi, nywele na umbo la masikio fuvu halisemi. Mimi hukabidhi sura ya kijivu, bila nywele. Mwenye maonyesho akitaka rangi, apake nakala ya pili, na kibao pembeni kiseme ni makisio yake.