Kwenda intavyu ya urubani na logibuku ya kwenye tableti

Vijana wengi wanaomaliza chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, siku hizi logibuku yao, yaani daftari la rubani la kuandikia safari na masaa aliyoruka, yote iko kwenye apu, LogTen, ForeFlight, CrewLounge, na hakuna ubaya. Ila kapteni anayekuhoji hataki umpe tableti aanze kutafuta pa kubonyeza, anataka kufunua kurasa. Kwa hiyo fanya hivi.

Hatua ya 1: safisha data. Hapa ndo kazi ilipo, usiharakishe. Angalia kwanza kama muda uko kwa dakika au kwa desimali, maana safari ya saa moja na dakika 45 ukiiandika 1.45 kwenye apu ya desimali imesoma saa moja na dakika 27, dakika 18 zimepotea hivihivi, na ukiwa na CPL (leseni ya rubani wa biashara) ya masaa 200 kama wenzako wote hapo kwenye foleni, kila dakika una haja nayo. Halafu UTC, saa za kimataifa zinazotumika kwenye urubani. Sisi tuko masaa matatu mbele, sasa umeruka saa kumi na nusu alasiri ukaandika 1630 na apu inasoma UTC, yenyewe inajua umeruka saa moja na nusu jioni, inakuwekea masaa ya usiku wakati jua la Entebbe lilikuwa linakuchoma machoni. Mhoji akiona hiyo anaanza kutilia shaka kila kitu. Masaa ya simuleta nayo yakae kolamu yake, yasiingie kwenye jumla ya kuruka, na safari ya mafunzo na instrakta si PIC (muda wa wewe kuwa rubani kiongozi) hata kama yeye hakugusa kitu.

Hatua ya 2: kama ulianzia kwenye karatasi, beba na kile kitabu cha zamani. Mihuri ya shule na saini za mainstrakta ziko mle, apu haina.

Hatua ya 3: toa PDF, printi A4 ya kulala, saini kila ukurasa, baindi. Nasser Road pale Kampala wanakumalizia haraka, (nenda kubaindi tu, usirudi na masaa ambayo hukuruka, wote tunaijua hiyo barabara kwa kughushi hati). Bandika vikaratasi vya rangi kwenye solo ya kwanza (uliporuka peke yako), tesiti ya CPL na safari ya mwisho.

Hatua ya 4: ukurasa wa mbele weka muhtasari. Jumla, PIC, injini mbili, usiku, IFR (kuruka kwa kufuata vyombo), masaa kwa kila aina ya ndege, siku 90 za mwisho. Andika na tarehe uliyofungia hesabu, kisha fomu ya maombi ijaze kutoka ukurasa huohuo, maana fomu ikisema 212 na kitabu 209 utaulizwa hizo tatu umezitoa wapi, na jibu zuri sijawahi kulisikia.

Hatua ya 5: siku yenyewe tableti iwe na chaji, ifunguke bila intaneti, PDF nyingine kwenye flashi. Usiitoe mpaka uulizwe. Inakusaidia pale mtu anapokwambia, "Naona uliwahi kwenda Kihihi kule kusini-magharibi, nipe habari za uwanja ule", unachuja kwa jina la uwanja unamwonyesha safari zako zote za huko, na kama ulizoea kuandika maelezo mafupi, upepo, mzigo, kwa nini ulizunguka mara ya pili, unayo hapohapo.