Bili ya maji Uingereza: yenye mita au isiyo na mita, piga hesabu hivi kabla hujaamua

Jamani, hili suala la maji watu wengi tunaoishi huku tunalipa tu kwa sababu barua imekuja, hatuangalii imeandikwa nini. Mimi na mwenzangu tulikaa miaka sita kwenye nyumba ya vyumba vitatu, wawili tu, kutwa tuko kazini, na bili yetu ilikuwa sawa kabisa na ya jirani mwenye watoto wanne. Nilidhani ndo bei ya maji ya huku. Kumbe tulikuwa hatuna mita na hakuna aliyetuambia kwamba tunaweza kuomba na tukawekewa bure.

Nazungumzia England na Wales tu. Ukiwa Scotland maji unalipa pamoja na kodi ya kaunsili kufuatana na bendi ya nyumba (daraja la thamani yake), na ukitaka mita unaigharamia mwenyewe. Ireland ya Kaskazini bili ya maji ya majumbani haipo kabisa.

Anza kwa kuitoa bili yenyewe. Ukiona usomaji wa mita, wa nyuma na wa sasa, basi una mita. Ukiona herufi RV na namba pembeni yake, huna. Hiyo RV ni thamani ya nyumba kwa makadirio ya kodi ya zamani yaliyoanza kutumika 1973, na tangu Machi 1990 haibadilishwi tena wala huwezi kuikatia rufaa. Kampuni inachukua namba hiyo inaizidisha na bei yake ya mwaka, basi, bili imetoka. Hakuna anayeangalia umeoga mara ngapi au mko wangapi ndani, ndo maana bibi mmoja mjane kwenye nyumba kubwa anaweza kulipa zaidi ya familia ya watu saba waliobanana kwenye nyumba ndogo. Nyumba zilizojengwa baada ya 1990 karibu zote zina mita, kwa hiyo swali hili ni la wale wa nyumba za zamani.

Sasa kadiria maji yenu. Uniti huku ni ileile ya nyumbani, lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Kwa wastani mtu mmoja anatumia kama lita 140 kwa siku, ambazo kwa mwaka ni uniti 51. Ila usiuchukue wastani huo kama ulivyo maana sisi tuna matumizi yetu. Mfano udhu: bomba likiwa wazi linatoa kama lita 6 kwa dakika, ukitawadha dakika mbili mara tano kwa siku ni lita 60, kwa mwaka ni karibu uniti 22 kwa mtu mmoja! Ukitumia kopo la lita 2 inakuwa lita 10 kwa siku na udhu wako umetimia vilevile. Ongeza pia wageni, maana kuna nyumba wikiendi haikosi watu, na sufuria za pilau haziogeshwi kwa maji kidogo. Beseni la kuogea likijaa ni kama lita 80. Mpira wa bustani ndo hatari zaidi, saa moja unaweza kumaliza uniti nzima.

Baada ya hapo weka hesabu mbili sambamba. Bili ya bila mita unayo tayari, ile ya mwaka mzima, usichukue ya mwezi. Ya mita ina sehemu tatu: maji safi kwa uniti, maji taka kwa uniti (hapa wanachukulia kwamba sehemu kubwa ya maji yaliyoingia yatatoka, kwa kawaida asilimia 90 mpaka 95), na chaji ya kudumu ambayo unalipa hata usipofungua bomba. Bei zenyewe ziko kwenye tovuti ya kampuni ya eneo lako, na hakikisha ni za mwaka mmoja pande zote mbili maana bei hubadilika kila Aprili. Kampuni huwezi kuchagua, ni ile iliyopo mtaani kwako.

Tuchukue namba za mfano tu ili uone inavyokwenda. Tuseme maji safi ni pauni 2 kwa uniti, maji taka pauni 2 kwa asilimia 95, chaji ya kudumu pauni 60 kwa mwaka, na bili yako ya sasa bila mita ni pauni 520. Mtu mmoja wa uniti 51 atalipa kama pauni 259. Wawili ni 458. Watatu ni 657, tayari mmeshapita. Watano ni 1,055, yaani mmejitafutia mzigo wenyewe. Unaona mstari ulipo? Kwa mfano huu ni kati ya watu wawili na watatu, lakini kwako unaweza kuwa kwingine kwa sababu RV yako ni kubwa au ndogo. Watu wa huku wana kipimo cha haraka: vyumba vya kulala vikiwa vingi kuliko watu, mita itakufaa. Ni kipimo kizuri cha kuanzia ila mimi nakusihi upige hesabu, nusu saa tu inatosha. Kama hesabu inakusumbua, kampuni nyingi zina kalkuleta mtandaoni, unajaza mko wangapi mnaoga mara ngapi inakuletea jibu, na unaweza kuwapigia wakufanyie wao.

Ukiona mita inakufaa, omba. Kuwekewa ni bure, na kwa kawaida haizidi miezi mitatu. Ukiwa mpangaji na mkataba wako ni wa miezi 6 au zaidi una haki ya kuomba mwenyewe, mwenye nyumba mwambie tu kwa heshima, kwa sababu mita ikishawekwa haitolewi hata ukihama na atakayekuja baada yako atailipia hiyohiyo. Kama unaishi fleti na mabomba yamechanganyikana na ya majirani wanaweza kusema haiwezekani. Usikate simu hapo! Waulize wakuwekee bili ya makadirio badala ya RV, hii inaangalia ukubwa wa makazi au kama unaishi peke yako, na kwa mtu mmoja mara nyingi inashuka. Hili watu wengi hawalijui na linaniuma sana kwa sababu wazee wetu wanaoishi wenyewe ndo wanaoumia.

Ukishawekewa ukaona bili imepanda, kampuni nyingi zinakuruhusu kurudi kwenye bili ya zamani ndani ya miaka 2, soma masharti ya kampuni yako uandike tarehe kwenye kalenda. Ila kuna maeneo yenye uhaba wa maji, hasa kusini mashariki ambako wako Southern Water na Thames Water, huko kampuni inaweza kukuwekea mita bila wewe kuomba na huna pa kurudi.

Familia kubwa yenye mita msife moyo. Kuna mpango unaitwa WaterSure: kama mnapata msaada wa serikali na mna watoto watatu au zaidi chini ya miaka 19 mnaowapokelea posho ya watoto, au kuna mgonjwa mwenye hali inayohitaji maji mengi, bili inawekewa kikomo, haivuki wastani wa wenye mita wa eneo hilo. Ombeni. Na mtu aliyekwama asiogope kwamba watakata maji, makazi ya watu hayaruhusiwi kukatiwa maji kwa deni tangu sheria ya 1999, ingawa deni lenyewe linabaki pale pale.

La mwisho ni uvujaji, maana ukiwa na mita kila tone ni lako. Mita mara nyingi iko nje chini ya kifuniko kwenye njia ya miguu au chini ya sinki la jikoni. Namba nyeusi ni uniti, nyekundu ni vipande vya uniti. Usiku kabla ya kulala hakikisha hakuna mashine inayofua, soma namba zote mpaka nyekundu, alfajiri kabla hamjagusa bomba soma tena. Zikisogea, maji yanapotea. Anzia chooni, choo kinachovuja kimyakimya kinaweza kumwaga lita 200 mpaka 400 kwa siku, weka tishu kavu ukutani mwa bakuli la choo kwa nyuma, ikilowa bila mtu kuvuta maji umeshampata mwizi. Na siku ya kuingia nyumba mpya na siku ya kutoka, piga picha ya mita tarehe ionekane, utume kwa kampuni siku hiyohiyo kabla hata hujafungua maboksi.