Somo: Kununua dola ya Morgan bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Somo hili ni la sarafu moja tu, dola ya fedha ya Marekani inayoitwa Morgan kwa jina la George T. Morgan aliyeichora. Ilipigwa mwaka 1878 hadi 1904, ikasimama, ikarudi 1921. Sarafu za zamani za Marekani ni bahari, na anayetaka kila kitu kwa mkupuo mmoja huishia na mkebe wa vitu visivyouzika. Jifunze Morgan vizuri kwanza, kisha ndipo uhamie kwenye senti na robo dola.

Hatua ya 1: Vifaa

Tafuta mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, na jiwe la gramu 20 au 50 la kuihakiki kila mara kabla ya kupima. Mengine ni kalipa ya kupimia kipenyo, lenzi ya kukuza mara 10, sumaku ndogo kali na taa ya meza yenye balbu moja. Tandika kitambaa laini mezani ili sarafu ikidondoka isigonge mbao. Ishike kwa ukingo siku zote. Mafuta ya kidole yakibaki usoni mwa sarafu huja kuwa doa lisilotoka.

Hatua ya 2: Soma herufi, kisha mwaka

Geuza upande wa tai. Chini ya fundo la shada, juu kidogo ya herufi D na O za neno DOLLAR, ndipo ilipo alama ya kiwanda. S ni San Francisco, O ni New Orleans, CC ni Carson City kule Nevada, na D ni Denver, ambayo kwa Morgan za zamani utaikuta kwenye 1921 peke yake. Pakiwa patupu, sarafu ni ya Philadelphia.

Kaherufi hako ndiko kanakobeba bei, na matapeli wanalijua hilo vizuri kuliko wanunuzi. Dola ya 1889 ya Philadelphia zilipigwa zaidi ya milioni 21. Ya mwaka huohuo yenye CC zilipigwa 350,000. Kwa hiyo mtu huchukua ya bei poa, anagandisha C mbili ndogo, basi ameshatajirika kwa jasho lako. 1893-S, ambayo zilipigwa 100,000 tu, hughushiwa kwa njia mbili: kubandika S kwenye 1893 ya Philadelphia, au kuchonga tarakimu ya 8 ya 1898-S ili isomeke 3. Ya 1895 inakwenda kinyume chake, maana hapo herufi hufutwa. Vitabu vya kiwanda cha Philadelphia vinataja dola 12,000 za matumizi ya kawaida za mwaka huo, lakini hakuna hata moja inayojulikana kuwepo leo. Zilizopo ni zile 880 zilizopigwa maalumu kwa wakusanyaji. Ukiletewa 1895 isiyo na herufi, kagua kwa lenzi ile sehemu tupu chini ya shada: je, imekwanguliwa, imebonyea, au mng'ao wake ni tofauti na wa pembeni?

Hatua ya 3: Usiamini idadi iliyopigwa

Hapa ndipo wageni wanapopotea zaidi. Kupigwa nyingi si kubaki nyingi. Kwa Sheria ya Pittman ya 1918, Marekani iliyeyusha dola za fedha 270,232,722, na sehemu kubwa ya madini hayo ikauzwa kwa Uingereza iipeleke India, ambako watu walikuwa wakidai fedha halisi badala ya noti za rupia. (Mombasa na Zanzibar nako wakati huo hesabu ilikuwa kwa rupia.) Hakuna aliyeandika ni miaka ipi na herufi zipi ziliingia tanuruni.

Kwa upande mwingine kuna magunia yaliyolala hazina kwa miongo. 1903-O ilihesabiwa kuwa lulu hadi mwaka 1962, hazina ilipoanza kutoa magunia yake, bei ikaporomoka. 1884-CC zilipigwa 1,136,000, idadi ndogo kwa Morgan, lakini zaidi ya 900,000 zilikutwa mpya kabisa kwenye akiba ya serikali na kuuzwa kwa umma kati ya 1972 na 1980, zikiwa ndani ya vikasha vigumu vya plastiki. Kwa hiyo 1884-CC mpya inapatikana kwa urahisi, ila iliyochakaa ndiyo ya kutafuta.

1884-S ni kisa cha ajabu zaidi. Zilipigwa milioni 3.2, na iliyolika unaipata bila kuvunja benki. Lakini karibu zote ziliingia mikononi mwa watu, hivyo iliyobaki mpya ni ya bei ya nyumba. Muuzaji akikuambia "1884-S ni adimu sana", muulize adimu katika hali gani.

Hatua ya 4: Pima

Morgan halali ina gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1, ni asilimia 90 fedha na asilimia 10 shaba. Iliyotumika sana inaweza kushuka hadi karibu gramu 26. Ikizidi gramu 26.9, iweke kando. Sumaku isiinase hata chembe.

Kisha kipimo cha maji, ambacho feki nyingi hazikivuki. Weka glasi ya maji juu ya mizani, uirudishe sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe yote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi, na utikise kidogo mapovu yatoke. Mizani isome karibu 2.58. Sasa gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo: 26.73 kwa 2.58 ni 10.36, na fedha ya asilimia 90 inatakiwa iwe karibu 10.3. Ukipata 8.9, una shaba iliyopakwa. Ukipata karibu 7.9, ni chuma. Mapovu yaliyoganda kwenye nywele za mwanamke aliyechorwa upande wa kichwa huongeza namba ya maji na kukufanya uione halali kuwa feki, kwa hiyo rudia mara mbili. Kausha kwa kugandamiza kitambaa, usifute.

Ikipita bado usishangilie. Zipo feki zilizopigwa kwa fedha safi ya kiwango kilekile, na iliyobandikwa herufi ni sarafu halali yenye uzito halali.

Hatua ya 5: Lenzi

Laza taa ubavuni, mwanga uje kwa mshazari. Herufi iliyozaliwa na sarafu huinuka kutoka kwenye uso kwa mteremko laini, rangi moja. Iliyobandikwa ina kiufa mzunguko mzima, mara nyingine na gundi iliyoganda pembeni. Feki za kumimina kwenye kalibu zina vishimo vidogovidogo kama vya uji uliochemka, na herufi zake ni butu.

Kwa 1893-S kuna kithibitisho cha pekee. Zote zilipigwa kwa chuma kimoja cha kupigia chapa ya upande wa kichwa, na chuma hicho kilikuwa na kasoro: ndani ya herufi T ya neno LIBERTY, lililo kwenye utepe wa kichwani, kuna kimstari cha mshazari sehemu ya juu. Isiyo nacho usiinunue, hata muuzaji aape kwa msahafu na Biblia. Ikiwa imelika kiasi kwamba T haisomeki, aachiwe mtaalamu.

Hatua ya 6: Gredi

Kipimo ni 1 hadi 70. Kuanzia 60 (huandikwa MS) ni sarafu isiyotumika. 50 hadi 58 (AU) imeguswa kidogo. Chini ya hapo imechakaa. Angalia nywele zilizo juu ya sikio na manyoya ya kifua cha tai, maana ndiko kunakolika kwanza.

Tahadhari: za New Orleans nyingi zilipigwa kwa nguvu hafifu, nywele na kifua vikatoka bapa tangu kiwandani. Izungushe taratibu chini ya taa. Kama miale ya mng'ao inazunguka na kupita juu ya pale palipo bapa bila kukatika, ni pigo hafifu. Kama pale pana rangi ya kijivu iliyokufa, imelika.

Mistari myembamba mingi iliyoelekea upande mmoja, au weupe mkali usio na miale, maana yake imesafishwa. Hiyo inauzwa kwa punguzo kubwa, na kampuni za kupima huiandika "Details" bila kuipa namba.

Hatua ya 7: Bei na ununuzi

Sakafu ya bei ni madini. Morgan ina wakia 0.7734 za fedha. Wakia ikiwa dola 30, madini ni dola 23.20. Zile za 1921, ambazo zilipigwa zaidi ya milioni 86, zikiwa zimechakaa hazipaswi kuzidi hapo kwa mengi. Kwa adimu, tafuta bei zilizolipwa kweli kwenye kumbukumbu za minada kama ya Heritage na Stack's Bowers, gredi ileile na herufi ileile. Bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji tu. Mnadani hesabu pia ada ya mnunuzi: ikiwa asilimia 20, nyundo ikianguka kwenye dola 500 unalipa 600, bado usafirishaji.

Sarafu yoyote ya mwaka na herufi adimu nunua ikiwa ndani ya kasha la PCGS au NGC, kampuni zinazokagua sarafu, kuzipa gredi na kuzifungia kwenye kasha lenye namba. Ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni, lakini usiishie kuona namba imekubali, kwa kuwa makasha nayo hughushiwa kwa kunakili namba halali. Fungua picha ya kampuni, kama ipo, ulinganishe mikwaruzo ya shavuni mmoja mmoja. Morgan mbili haziwezi kuwa na makovu sawa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanamwambao: Shikamoo mwalimu. Mimi niko Tanga, zangu nne zimekuwa nyeusi na moja ina utando wa kijani unaonata. Nisugue kwa ndimu au dawa ya meno?

Jibu: Marahaba dada. Vyote viwili hapana. Weusi ni fedha kuitikia salfa ya hewani. Uache, wapo wanaolipia zaidi rangi ya asili. Kijani kinachonata ni kemikali iliyotoka kwenye mfuko laini wa plastiki ya PVC, na kitaendelea kula sarafu. Izamishe kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha kioo kwa dakika kumi, ubadilishe asetoni, urudie, kisha iache ikauke yenyewe. Madirisha yawe wazi na jiko liwe mbali. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha haifai kwa sababu ina mafuta na manukato. Baada ya hapo weka kila moja kwenye kapsuli ngumu ya milimita 38, zote ndani ya kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika. Kwa hewa ya chumvi ya pwani, kausha au badilisha vifuko hivyo mara kwa mara.

Kibopa_Mtarajiwa: Mkuu, kuna mtu anauza Trade Dollar ya 1875 kwa dola 40, ina michoro ya Kichina. Nichukue?

Jibu: Trade Dollar ilitengenezwa kwa biashara ya China, na mihuri ya wafanyabiashara wa huko si dalili ya ufeki. Ila hiyo ni miongoni mwa sarafu za Marekani zinazoghushiwa sana. Inatakiwa gramu 27.22. Nyingi za masoko ya watalii huwa na gramu 20 na ushee, na sumaku huzinasa. Akikataa isipimwe, achana naye.

Bi Salma wa Maskati: Marehemu babu aliacha sarafu kubwa ya fedha ya mwanamke mnene, imeandikwa 1780. Ni dola ya Marekani?

Jibu: La, bibi. Hiyo ni reale ya Maria Theresa, ya Austria, iliyotumika sana Uarabuni na pwani yetu. Gramu 28.07, fedha asilimia 83.3, kama wakia 0.75. Baada ya kifo cha malkia huyo waliendelea kuipiga kwa mwaka uleule wa 1780, hivyo tarehe haikuambii umri. Nyingi huuzwa kwa bei ya madini na nyongeza ndogo.

Juma wa Houston: Nataka kumtumia mdogo wangu aliyeko Nairobi sarafu tatu kwa posta. Bahasha inatosha?

Jibu: Haitoshi kaka. Posta nyingi zinakataza sarafu ndani ya barua ya kawaida, na ikipotea huna pa kudai. Soma kwanza orodha ya vitu vilivyokatazwa ya nchi inayopokea. Njia safi ni mtu kuzibeba akiwa na risiti na kuzitaja forodhani. Na asizitoe kwenye makasha eti zipungue ukubwa.

Fundi Saa: Nyongeza kuhusu nakala. Sheria ya Marekani ya 1973 inadai nakala ziandikwe COPY, lakini matapeli hulikwangua neno hilo. Tazama kama kuna bonde lililosuguliwa karibu na tai.

Jibu: Kweli kabisa, na wengine hulifukia kwa solda. Pale rangi huwa nyeupe zaidi ukiinamisha sarafu.

Neema_K: Nina dola 200 tu. Nianze na ipi?

Jibu: 1881-S, gredi MS63 au MS64, ndani ya kasha. San Francisco ya miaka ile ilipiga vizuri kupita viwanda vyote, nazo zipo tele. Itakufundisha jicho lako pigo kamili na miale ya mng'ao vikoje. Ikibaki pesa, ongeza ya New Orleans ya gredi hiyohiyo uziweke ubavu kwa ubavu chini ya taa.