Namna ya kulitazama Boma la Mjerumani, Arusha

Anzia Mnara wa Saa, ushike Barabara ya Boma kwa miguu hadi mwisho wake. Dakika kumi zinatosha. Boma, ngome ya zamani ya Wajerumani, sasa ni makumbusho; lakini ukipanda bodaboda, usiseme "makumbusho" tu, maana unaweza kushushwa kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu na mnara wa Mwenge. Sema Boma la zamani, au Makumbusho ya Elimu Viumbe. Beba kitambulisho cha NIDA: kiingilio cha Mtanzania si cha mgeni, na asiye na uthibitisho hubaki akibishana dirishani.

Ukishaingia, usikimbilie wanyama waliokaushwa. Simama kwanza uani, uyasome majengo yenyewe. Kuta nyeupe zinazouzingira ua ni mpango wa ngome: askari ndani, mlango mmoja wa kulindwa. Mwaka 1896 wamisionari Ovir na Segebrock waliuawa Meru. Kapteni Johannes wa Kijerumani akaja na jeshi kulipiza kisasi, na kufikia 1900 Boma lilikuwa limesimama, kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliolazimishwa. Mwongozaji asipoligusa hilo, muulize. Bila hilo utaona kuta safi na bustani tu. Baada ya Wajerumani walikaa Waingereza, kisha ofisi za serikali yetu, hadi makumbusho yalipofunguliwa 1987.

Picha za hapa huharibika kwa sababu moja: weupe wa kuta huidanganya kamera, ikapunguza mwanga, na ukuta ukatoka wa kijivu. Kwenye simu, gusa ukuta kwenye kioo, kisha pandisha mwanga kidogo, mpaka weupe urudi lakini mikwaruzo ya lipu bado ionekane. Saa sita mchana jua liko utosini na kuta hazina kivuli cha kuzipa umbo. Nenda saa tatu asubuhi au saa kumi jioni. Juni na Julai asubuhi huwa na mawingu, kwa hiyo chagua jioni.

Ukibaki na muda, nenda AICC, Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, si mbali. Ni kinyume cha Boma kwa kila hali: majengo matatu marefu ya zege, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yaliyojengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977. Baadaye Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa humo. Zile bado ni ofisi zenye walinzi, kwa hiyo omba ruhusa getini kabla hujatoa simu mfukoni.